Yule aliyesimama nyuma: Mtoto wa Dar aliyeigiza filamu za Wajerumani

MTOTO wa shule akipelekwa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, na kuoneshwa fuvu la Mtwa Mkwawa, hurudi nyumbani na maswali. Nani alimkata kichwa? Kwa nini kilipelekwa Ujerumani? Na wale askari weusi waliosimama nyuma ya ofisa wa Kijerumani kwenye picha za zamani, walikuwa watoto wa nani?

Maswali mawili ya kwanza yana majibu vitabuni. Mkwawa alijipiga risasi Julai 19, 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani wakachukua kichwa chake kama ushahidi wa ushindi, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954 na Gavana wa Kiingereza, Edward Twining.

Swali la tatu ndilo ambalo wazazi wengi hulikwepa. Ni rahisi kusema "hao walikuwa vibaraka" kisha maongezi yakaishia hapo. Lakini yupo mtu mmoja, mtoto wa askari wa aina hiyo na yeye mwenyewe askari akiwa na umri wa miaka 10, ambaye maisha yake yanampa mzazi jibu refu na la kweli zaidi. Alizaliwa Dar es Salaam, akafia kwenye kambi ya mateso Ujerumani, na katikati ya hapo alionekana kwenye filamu zisizopungua 23.

Jina alilojulikana nalo Berlin ni Bayume Mohamed Husen.

Askari wa darasa la nne

Alizaliwa Februari 22, 1904 na kupewa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani aliyefika cheo cha efendi, cha juu kabisa kwa mtu mweusi katika jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki.

Wasudani hao hawakufika huku kwa bahati. Mwaka 1889 ofisa wa Kijerumani Hermann Wissmann alikwenda Misri na kuajiri mamia ya askari wa Kisudani waliokuwa hawana kazi, akawaleta pwani kupigana vita vya kuiteka nchi. Askari wa aina hiyo walikuwemo kwenye msafara wa Emil von Zelewski ulioshambuliwa na Wahehe kule Lugalo Agosti 17, 1891. Zelewski aliuawa siku hiyo pamoja na askari wake wengi. Kwa hiyo mtoto wa Iringa anaposimulia ushindi wa Lugalo, upande wa pili wa simulizi walikuwepo pia watu weusi waliokuwa na wake na watoto.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Mahjub alikuwa na miaka 10 na tayari alikijua Kijerumani. Akaingia jeshini pamoja na baba yake. Umri huo leo ni wa mtoto wa darasa la nne, anayebishana na mama yake kuhusu kunywa uji kabla ya kwenda shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua yeyote aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, lakini wakati ule mtoto wa askari alihesabiwa kuwa askari mdogo.

Oktoba 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, Kusini, moja ya vita vilivyoua watu wengi zaidi katika kampeni nzima. Waingereza wakamchukua mateka. Alikuwa na miaka 13.

Nyanda za Juu Kusini nazo hazikusalimika. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Edward Northey liliingia kutokea Nyasaland, likapita Tukuyu na kufika Iringa. Majeshi yote mawili yalichukua wanaume kuwa wapagazi na kunyang'anya chakula, mifugo na mbegu. Njaa ikafuata, na mwishoni mwa 1918 yakaingia mafua makali yaliyoizunguka dunia, yakakuta miili iliyokwisha kudhoofika. Familia nyingi za Njombe, Iringa na Rungwe zina babu au bibi wa aina hiyo ambaye hakuna anayejua alizikwa wapi.

Alikwenda Berlin kudai mshahara

Baada ya vita, Mahjub alifanya kazi melini, akihudumia abiria. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani na kwenda Berlin akiwa na hoja moja: yeye na baba yake walipigana miaka mingi na mishahara yao ya vitani haijalipwa. Alitaka serikali imlipe.

Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa. Muda wa kudai ulikwisha.

Mzazi yeyote aliyewahi kufuatilia mafao ya marehemu baba yake, akiambiwa arudi na barua nyingine, anaweza kuijua sura ya mtu anayetoka kwenye ofisi hiyo. Husen hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin na kupata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lenye migahawa iliyopambwa kwa mitindo ya nchi mbalimbali. Wateja walikwenda pale kuonja "dunia" bila kusafiri, na mhudumu mweusi alikuwa sehemu ya mapambo.

Januari 27, 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Adolf Hitler akawa Kansela wa Ujerumani.

Mwaka huohuo Husen alipata watoto wawili wa kiume, mmoja kwa Maria na mwingine, Heinz Bodo, kwa mwanamke mwingine wa Kijerumani. Husen na Maria walimchukua Bodo na kumlea nyumbani kwao. Mwaka 1936 akazaliwa binti, Annemarie. Huyu hakuwa mume asiye na doa, na simulizi yake haihitaji kusafishwa ili iwe na maana.

Mwaka 1935 alipoteza kazi Haus Vaterland. Nyumbani kulikuwa na midomo ya kulisha, na kwa mtu mweusi katika Berlin ya Wanazi milango iliyobaki wazi ilikuwa michache. Mmoja ulikuwa Kiswahili. Alikuwa msaidizi wa lugha kwenye chuo kikuu cha Berlin, akiwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wakiota siku Ujerumani itakaporudishiwa makoloni yake. Mlango wa pili ulikuwa filamu.

Sura inayoonekana, jina lisilotajwa

Wajerumani walipokonywa Tanganyika baada ya vita, lakini hamu yao ya koloni haikuisha, na sinema zikawa mahali pa kuliota upya. Mwaka 1934 ilitoka *Die Reiter von Deutsch-Ostafrika*, filamu ya vita vilevile ambavyo Husen alipigana akiwa mtoto. Na yeye yumo. Afrika ya kwenye filamu hizo kwa kawaida ilijengwa studioni Ulaya, kwa miti ya kupandikiza na taa kali. Mtu mweusi alihitajika ili mtazamaji aamini.

Nafasi alizopewa zilifanana: mtumishi, mhudumu, mpagazi, mwongoza njia. Anaingia na kusubiri amri, kisha anatoka. Mwaka 1937 alikuwemo kwenye *Zu neuen Ufern*, filamu ya nyota Zarah Leander, lakini mtazamaji anayemfuata nyota huyo anaweza kumaliza filamu nzima asimkumbuke Husen hata kidogo.

Hakuwa peke yake. Louis Brody, mzaliwa wa Cameroon, alikuwa ameigiza Ujerumani tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Kulikuwa pia na onyesho la kuzunguka mijini lililowakusanya Waafrika wa Ujerumani wakiigiza "maisha ya kijijini" mbele ya watazamaji. Husen alishiriki. Waliokuwa mafundi, wahudumu na wanamuziki wa mjini walivalishwa nguo za majani ili wapate mkate.

Watu wa fani huwaita waigizaji kama Husen waigizaji wa nafasi ndogo. Filamu haiwezi kukamilika bila wao, ila bango halina nafasi ya majina yao. Tofauti ni kwamba mwigizaji mweupe wa aina hiyo aliweza leo kuwa daktari na kesho mwizi au hakimu. Husen alikuwa mtumishi leo na kesho.

Wakati huohuo alikuwa akiomba kutambuliwa kwa jambo alilolifanya kweli. Mwaka 1934 aliomba nishani ambayo Ujerumani iliwapa waliopigana mstari wa mbele. Akanyimwa. Bado alionekana kwenye hafla za wapenda makoloni akiwa amevaa sare ya askari. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 akaomba kujiunga tena na jeshi, akakataliwa.

Kwa msomaji wa leo hilo linachoma. Kwa nini mtu anaomba kuwapigania watu wanaomdharau? Pengine sehemu ya jibu iko kwenye umri wa miaka 10. Mtoto aliyelelewa akiambiwa kwamba heshima ya baba yake inatoka jeshini, akamwaga damu kwa ajili ya jeshi hilo kabla ya sauti yake kubadilika, hawezi kirahisi kukubali kwamba alidanganywa. Kukubali hivyo ni kusema kwamba jeraha lake na utumishi wa baba yake vilikwenda bure.

Filamu ya mwisho

Nafasi yake kubwa ilikuja mwaka 1941 kwenye filamu ya *Carl Peters*, iliyoongozwa na Herbert Selpin, mwongozaji yuleyule wa filamu ya mwaka 1934. Nyota alikuwa Hans Albers. Husen aliigiza kama Ramasan, mwongoza njia wa Peters. Safari hii mhusika wake alikuwa na jina.

Peters wa kweli ndiye aliyezunguka Usagara na Uzigua mwaka 1884 akikusanya "mikataba" ya kuwapokonya watu ardhi. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Huko Kilimanjaro, kati ya mwaka 1891 na 1892, aliamuru kunyongwa kwa kijana aitwaye Mabruk na msichana aitwaye Jagodia, na ukatili huo ulimfukuzisha kazi mwaka 1897. Hata Ujerumani ya kikoloni iliona aibu. Wanazi wakamfufua na kumtengenezea filamu ya shujaa, na kwenye filamu hiyo mtoto wa Dar es Salaam akamtumikia kwa uaminifu.

Mwaka huohuo Husen alikamatwa. Kosa lilikuwa uhusiano na mwanamke mweupe, jambo ambalo sheria za Wanazi za ubaguzi wa rangi zililigeuza kuwa uhalifu. Hakupelekwa mahakamani. Septemba 1941 aliingizwa kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin. Filamu aliyoigiza ilikuwa mpya kabisa mwaka huo, naye yuko nyuma ya waya.

Alikaa humo miaka mitatu. Alifariki Novemba 24, 1944, akiwa na umri wa miaka 40. Hakuna hata mmoja kati ya watoto wake watatu aliyefikia utu uzima.

Kwa miaka mingi hakuna aliyemtaja. Mwaka 2007 mtafiti wa Kijerumani Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka huohuo jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake likawekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba aliyoishi, mtaa wa Brunnenstraße, Berlin. Mwaka 2013 mwongozaji Eva Knopf alitoa filamu inayomfuata Husen kupitia vipande vya filamu za zamani, akimvuta kutoka nyuma na kumweka mbele.

Kilichosaidia kumpata ni zile barua zake za madai. Ofisi zilizokataa kumlipa ziliyatunza maombi yake kwenye mafaili.

Mzazi amwambie nini mtoto?

Kwanza, picha hujenga. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili Wamarekani weusi, mume na mke Kenneth na Mamie Clark, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi. Walipoulizwa yupi ni mzuri, watoto wengi walimchagua mweupe. Hakuna aliyekuwa amewakalisha chini akawafundisha hivyo. Waliona tu nani anawekwa mbele na nani nyuma.

Hivyo basi, kabla ya kuhesabu saa ambazo mtoto ametumia kwenye simu, mzazi akae naye na aangalie anachokiangalia. Saa nazo zina maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Lakini kwa mtoto mkubwa anayekwenda banda la video au kuangalia filamu za kutafsiriwa na wenzake, maongezi ndiyo kinga. Swali moja linatosha kuanzia: yule aliyesimama nyuma ni nani, na nyumbani kwake wanamwitaje? Swali hilo linafaa filamu ya kizungu, tamthilia ya kwetu ambamo dada wa kazi ni wa kuchekwa tu kwa lafudhi yake ya kutoka mkoani, na hata nyumbani, ambako huyo dada anaitwa "wewe".

Pili, mtoto ajibiwe kwa umri wake. Mdogo wa chekechea hahitaji habari za kichwa kukatwa wala kambi ya mateso. Kwake inatosha kusikia kwamba Mkwawa alilinda watu wake, na kwamba sasa yuko nyumbani. Wa darasa la nne au la tano anaweza kusikia zaidi, mzazi akianza kwa kumuuliza tayari anajua nini. Akiulizwa swali asilolijua, mzazi aseme watatafuta pamoja.

Watoto wengine huguswa sana na fuvu au simulizi za vita. Ndoto mbaya za usiku mmoja au mawili ni kawaida. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, akakataa kulala peke yake, akawa mkimya au mkali kuliko alivyokuwa, asichapwe wala asichekwe. Akumbatiwe na asikilizwe, na ratiba yake ya kula na kulala isiyumbe. Hali ikiendelea zaidi ya wiki nne, apelekwe kituo cha afya na mzazi aeleze waziwazi kilichotokea. Mara nyingine mzizi unakuwa mwingine kabisa, na simulizi ya vita imeufunua tu.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, mtoto asifundishwe kugawa watu mafungu mawili. Akiuliza kama Husen alikuwa mwema au mbaya, mzazi asiharakishe. Aliingizwa vitani na wakubwa akiwa mtoto, na hilo halikuwa kosa lake. Alipokuwa mtu mzima aliwafundisha Kiswahili watu waliotaka kurudi kututawala, na hilo alilichagua, ingawa njaa ilikuwa mlangoni. Aliwalea watoto wake katika nchi isiyowataka, kisha nchi hiyo ikamuua. Yote ni kweli kwa wakati mmoja. Mtoto akielewa hivyo kuhusu mtu wa mbali, ataweza siku moja kuelewa hivyo kuhusu mjomba wake, au baba yake.

Kabla wenye majina hawajaondoka

Iringa Boma, jengo la enzi za Mjerumani lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2016, liko katikati ya mji. Kalenga iko njiani kuelekea Ruaha. Kwa familia za Mbeya, Tukuyu iko mwendo mfupi, na boma la Wajerumani lipo hapo. Ni matembezi ya siku moja ya likizo ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Lakini kazi kubwa ifanyike sebuleni. Waliopigana au kubeba mizigo kwenye vita ile wamekwisha wote. Wajukuu wao sasa ni bibi na babu wanaokuja kutusalimia wakiwa na ndizi za Rungwe au mahindi ya Ismani. Kizazi hicho ndicho cha mwisho kilichosikia kwa masikio yake habari za aliyechukuliwa akiwa shambani, aliyerudi mguu mmoja, na aliyekufa kwa mafua mwaka 1918.

Mtoto apewe daftari la kurasa 40 na kalamu. Siku bibi akiwepo, baada ya shikamoo na chakula, aketi karibu naye na kumuomba majina tu: ya baba yake bibi, ya babu yake bibi, walikozaliwa, kazi walizofanya, na kama kuna aliyeondoka asirudi. Mzazi akae kando, asaidie tahajia, asimkatishe bibi hata akirudia.

Daftari hilo likae pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Siku mtoto akiona picha ya zamani yenye watu wasiotajwa majina, atakuwa na mahali pa kuanzia kuwatafuta.